Dodoma jangwa? Acheni hizo jamani

Kuna mengi watu wanayasema kuhusu Dodoma ambayo sio kweli. Tuanze na ile kubwa, eti Dodoma ni jangwa, hakuna mvua, watu wanakula vumbi tu. Ukweli huku ni nusu ukame, na mvua ya mwaka inacheza kwenye milimita 570 hivi, ambayo haijapishana sana na ya London, ndio, London hiyo hiyo ya miavuli. Shida yetu sio kiasi, shida ni ratiba: karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa kishindo, korongo lililokuwa kavu asubuhi jioni halivukiki, alafu miezi inapita hamna hata tone na jua linanyonya kilichobaki.

Sasa mji unaishije? Chini ya ardhi. Kwa miaka mingi maji ya bomba yametoka hasa kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na watafiti waliopitia vipimo vya pale vya miongo kadhaa waliona hifadhi ile haijazwi na mvua za kawaida, inajazwa na ile miaka michache ya mvua za kupitiliza, kama El Nino ya 1997/98. Yaani mvua ambayo Dar wanailaani kwa foleni na mafuriko, huku ndo inaweka akiba ya kunywa.

Na kama ni jangwa zabibu zinatoka wapi? Msimu wake ukifika stendi vijana wanakimbilia madirisha ya basi na ndoo za zabibu, nyeusi zina ule unga mweupe juu, na hujaomba bei ushaonjeshwa. Huku mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, Ulaya mara moja, kwa sababu kule baridi kali inaulaza.

Baridi na sisi tunayo lakini. Anayesema Dodoma ni joto mwaka mzima aje Julai asubuhi awaone bodaboda na makoti yao mazito, mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari bana.

Haya, makao makuu. Vijana wengi wanajua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ni jambo la Magufuli. Hapana, uamuzi ni wa 1973, enzi za TANU na Mwalimu, na CDA, mamlaka ya kuustawisha mji kama makao makuu, iliundwa mwaka huo huo kuja kuvunjwa 2017. Bunge nalo lilishakuwa linakaa huku toka miaka ya tisini. Magufuli 2016 alisema sasa tunahama kweli, na watu wakahama, 2018 ikatungwa na sheria kabisa (hapo ndo wenye viwanja walipoanza kuringa).

Ila makao makuu sio lazima uwe mji mkubwa. Sensa ya 2022 Dar ina watu zaidi ya milioni 5.3, Jiji la Dodoma 765,179. Na Ikulu usiitafute karibu na Nyerere Square, iko Chamwino, wilaya nyingine, njia ya Morogoro.

Na mnaodhani Dodoma ni jiji toka 1973, imepata hadhi hiyo 26 Aprili 2018, nyuma ya Dar, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga.