Ugoni mahakamani: fumanizi linavyoharibu kesi nzuri

Tanzania Bara ugoni si kosa la jinai. Polisi hawamweki mtu ndani kwa sababu tu amekutwa na mke wa mwenzake. Ni shauri la madai: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwenye ndoa haki ya kumdai mgoni fidia, na mke anayo haki hiyo dhidi ya mwanamke aliyetembea na mumewe sawasawa na mume. Ukisikiliza mazungumzo ya vijiweni pale Majengo, hapa Dodoma, utadhani sheria hii iliandikwa kwa ajili ya wanaume peke yao.

Kesi nyingi zinaharibika usiku ule ule wa tukio. Mume anapata fununu, anakusanya ndugu na bodaboda wawili watatu, wanavunja mlango wa gesti, mgoni anapigwa, anavuliwa nguo, anarekodiwa, na kabla ya alfajiri video iko kwenye magrupu ya WhatsApp. Hapo mdai amegeuka mshtakiwa. Kupiga ni jinai, kuvunja mlango ni jinai, na kusambaza picha za utupu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kumpiga mke nako hakuna kinga: Sheria ya Ndoa inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Kosa la pili la usiku huo ni karatasi. Mgoni anaandikishwa kwamba atalipa milioni kadhaa au ng'ombe watano, anaweka dole gumba huku amezungukwa na fimbo. Makubaliano ya kulazimishwa hayasimami. Akifika mbele ya hakimu akaeleza alivyosaini, yanabatilishwa. Ukimkuta mtu, waite watu wasiokuwa na upande, yaani mhudumu wa gesti, mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, waone kwa macho yao, kisha muondoke. Mashahidi watatu waliotulia wana uzito kuliko video mia.

Mahakamani utatakiwa kuthibitisha mambo mawili, na la kwanza ndilo watu wanalolipuuza: kwamba kuna ndoa. Leta cheti. Kama mlifunga ndoa ya kimila na cheti hamna, leta walioshuhudia mahari ikipokelewa na sherehe ikifanyika. Waliokaa pamoja tu, "tumezoeana" kama wasemavyo, mara nyingi wanakwama hapa kabla hata jina la mgoni halijatajwa. La pili ni tendo lenyewe. Hakuna anayetarajia shahidi aliyeona kila kitu. Mahakama inaangalia mazingira: walikuwa na uhusiano, walipata nafasi, na walikutwa katika hali isiyo na maelezo mengine ya maana. Meseji za mapenzi husaidia upande wa uhusiano, ila peke yake ni nyepesi. Kukiri kwa mke hakumfungi mgoni anayekana. Tafuta ushahidi mwingine wa kuambatana nako.

Mgoni naye ana njia za kutoka. Mwanamume akithibitisha kwamba hakujua, na kwa uangalifu wa kawaida asingeweza kujua, kwamba mwanamke yule ameolewa, dai linatupwa. Linatupwa pia mdai akionekana aliridhia au alishiriki kupanga. Wale wanandoa wanaotega watu ili wawakamue hela wajue kwamba mtego wao, ukibainika, ndiyo mwisho wa dai lao.

Fidia ni kiasi gani? Sheria haitaji bei, na haya madai ya "milioni hamsini kwa kunidhalilisha" hukatwa vibaya, kwa sababu fidia ya ugoni hairuhusiwi kuwa na chembe ya adhabu. Hakimu anatazama mila ya jamii husika, na hapo kwa Wagogo hesabu ya ng'ombe inaweza kuletwa kama kipimo. Anatazama pia kama mume na mke walikuwa wakiishi pamoja au wametengana. Swali hili lina uzito wake Dodoma. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, ndoa nyingi zina mguu mmoja Dodoma na mwingine Dar es Salaam. Mgoni mwenye wakili mzuri atasema mlikuwa mmeshaachana. Mjibu kwa nyaraka: barua ya uhamisho, miamala ya kutuma hela za matumizi, tiketi za mabasi za kwenda na kurudi, ada za watoto.

Dai la ugoni linaweza kufunguliwa bila kuomba talaka. Talaka ina mlango wake: lazima mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini lililotambuliwa, lishindwe kuwapatanisha na litoe cheti. Barua ya ustawi wa jamii au muhtasari wa kikao cha ukoo si cheti hicho. Na cheti kina muda, kwani ombi linatakiwa kufika mahakamani kabla ya miezi sita kupita tangu kitolewe. Watu wanakaa nacho, wanasubiri mavuno yaishe au mjomba arudi safari, kinachacha, wanaanza upya. Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili inahitaji kwanza kibali cha mahakama. Ugoni ni ushahidi mmojawapo kwamba ndoa imevunjika, hasa ukirudiwa au ukiendelea baada ya kukanywa, lakini aliyezini hawezi kusimama akaomba talaka kwa uzinzi wake mwenyewe tu.

Mali nazo zina imani yake potofu: mke akifumaniwa, aondoke na nguo alizovaa. Mgawanyo unafuata mchango wa kila mmoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Kwa hiyo mume aliyeshinda fidia dhidi ya mgoni asishangae kuamriwa kumgawia mke sehemu ya nyumba ya Nkuhungu waliyoijenga wote.