Mkutano wa Hadhara Si Ushirikishwaji wa Jamii

Wiki iliyopita nilipitia andiko la utafiti wa kichocho la mwanafunzi mmoja wa uzamili. Katika sehemu ya ushirikishwaji wa jamii nikakuta maelezo yale yale niliyokwisha kuyasoma mara nyingi mno: timu itaonana na sheha (kiongozi wa serikali wa shehia, eneo dogo la utawala Zanzibar), sheha ataitisha mkutano wa wananchi, malengo ya utafiti yataelezwa, kisha ukusanyaji wa sampuli utaanza. Kwenye bajeti kulikuwa na nauli, maji na soda. Ninaandika kwa sababu kosa hili si la mwanafunzi huyo. Amelirithi kwetu sisi tunaomfundisha.

Kupiga hodi ni adabu, na sheha lazima aonwe. Lakini sheha hutoa ruhusa ya kuingia shehiani, na mtu mmoja mmoja hutoa ridhaa kwa ajili ya mwili wake au wa mtoto wake, na yote mawili huombwa juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa. Ushirikishwaji hupimwa kwa swali moja ambalo watafiti wengi hawapendi kuulizwa: ni kitu gani katika itifaki yako, yaani mpango wako wa utafiti, kimebadilika kwa sababu wenyeji walisema? Kama hakuna kilichobadilika, basi uliwapa taarifa. Kutoa taarifa ni jambo jema, ila liandikwe kwa jina lake.

Sehemu ya tatizo imo katika maneno tunayoyatumia kazini. Fomu zetu humwita mtu anayetoa mkojo au damu “mshiriki”, na kwa kuwa kushirikisha ni kumfanya mtu ashiriki, mtafiti akishaandikisha washiriki mia nne huona moyoni kwamba ameishirikisha jamii. Nje ya fomu hizo neno halina maana hiyo. Wanaoshiriki shughuli ya harusi ni wanaochanga, wanaopika, wanaokaa vikao na kupanga siku. Anayefika siku yenyewe na kula ni mwalikwa. Mtoto tunayempa kikopo cha kukojolea darasani si hata mwalikwa, kwa sababu hakuna aliyemuuliza lolote mpaka kikopo kilipofika mkononi mwake. Tatizo ni hilo hilo tunapokiita kidonge kisicho na dawa “dawa bandia”, jina ambalo msikilizaji analijua kutokana na habari za bidhaa za kughushi zilizokamatwa madukani, kisha tunashangaa wazazi wanapowazuia watoto wao. Kama kabla ya kuchapa fomu tungewasomea akina mama watano tu, neno hilo wangelikataa siku hiyo hiyo.

Mfano wa yale ambayo wenyeji wanayajua nasi hatuyajui nimeushuhudia mwenyewe. Katika utafiti mmoja nilioufanyia kazi kisiwani tulipanga kuhesabu watu wanaoingia mtoni asubuhi, kwa sababu gari lilitakiwa kurudi mjini kabla ya adhuhuri. Akina mama walitueleza, bila kusita, kwamba asubuhi tutawaona wao wakifua. Watoto huja kuogelea wakishatoka skuli mkondo wa asubuhi, jua likiwa utosini. Wanaoifahamu kazi hii wanajua kwamba konokono wanaobeba kichocho cha mkojo hutoa majini viluwiluwi vya ugonjwa huo, vinavyopenya ngozi ya mtu, kwa wingi karibu na saa sita mchana. Tungehesabu kwa uangalifu mkubwa saa ambazo hatari ni ndogo, na takwimu zetu zingependeza. Ratiba ilibadilishwa, na mradi ukalazimika kulipia gari nusu siku zaidi.

Wapo watakaoniuliza ushahidi kwamba jambo hili hupunguza ugonjwa, na hapa sitaficha shaka yangu. Katika jaribio kubwa la kutokomeza maambukizi ya kichocho Unguja na Pemba, kati ya mwaka 2012 na 2017, shehia 90, yaani 45 kila kisiwa, ziligawanywa katika makundi matatu. Zote zilipewa prazikwanteli, yaani vidonge vya kutibu kichocho, mara mbili kwa mwaka; kundi moja likaongezewa unyunyiziaji wa dawa ya kuua konokono, na jingine likaongezewa kazi ya kubadili tabia, iliyobuniwa pamoja na wenyeji wenyewe: walimu wa skuli na madrasa, michezo salama kwa watoto, vyoo vya haja ndogo, na sehemu za kufulia zilizojengwa ili mtu asilazimike kusimama ndani ya maji. Maambukizi yalishuka katika makundi yote. Hata hivyo, mwishoni kundi lililobuni pamoja na wenyeji halikuonyesha tofauti ya wazi ya kitakwimu na kundi lililopata vidonge peke yake, na katika baadhi ya maeneo ya Pemba ugonjwa uliendelea kung’ang’ania.

Wenzangu husema kwamba dawa mara mbili kwa mwaka ilikwisha kushusha kiwango kiasi cha kutoacha nafasi ya tofauti kuonekana, na kwamba watu huvuka mipaka ya shehia kila siku. Huenda wana haki. Mimi ninaona pia kwamba tumekuwa tukiutetea ushirikishwaji kwa hoja isiyo yake, kana kwamba ni dawa nyingine ya kupimwa kwa mayai ya kichocho yanayopatikana kwenye mkojo, ilhali kazi yake ya kwanza ni kutuzuia tusiulize swali lisilo sahihi, mahali pasipo sahihi, kwa maneno yanayotisha watu.

Shaka yangu ya pili ni nani hasa anayehudhuria. Kamati zetu hujaa wazee wenye nafasi na jamaa wa viongozi, huku wavuvi walioko dago (kambi za muda za uvuvi) na wasichana wanaochota maji wakikosekana. Kituo cha utafiti cha Kilifi, Kenya, kilijaribu njia nyingine kwa kuunda mtandao wa wawakilishi waliochaguliwa na wanakijiji wenzao, na hata huko likajitokeza jambo ambalo nimeliona kwetu: mwakilishi anatarajiwa awasemee majirani mbele ya watafiti, na papo hapo majirani humwona kuwa mtu wa watafiti. Ukimlipa, watasema amenunuliwa. Usipomlipa, unatumia bure siku ya mtu ambaye angekuwa shambani. Mimi huchagua kulipa, na kiwango hutangazwa mbele ya wote, ingawa sina hakika kwamba hilo linatosha.

Andiko la mwanafunzi nimelirudisha. Sehemu ya mbinu za kuchagua sampuli aiache wazi kwanza, aende shehiani na karatasi nyeupe, awaombe wenyeji wamchoree maji yao, ya kiangazi na ya masika. Amenijibu kwamba atakwenda baada ya mavuno ya mpunga, kwa kuwa akina mama aliowapigia simu wamemwambia kwamba kabla ya hapo hawapatikani.