Moyo wako nao hutoa homoni ya kupunguza chumvi

Kila inapokaribia Mei 17, Siku ya Shinikizo la Juu la Damu Duniani, madirisha ya dawa hupokea lalamiko lilelile: kidonge cha presha kinampeleka mtu chooni kila mara, anaogopa kitaharibu figo, basi anakiacha. Usumbufu huo tunauelewa. Kimeze asubuhi, usiku utalala. Ila kinachochakaza figo za wengi ni presha isiyodhibitiwa. Na kutoa chumvi kwa mkojo ni kazi ambayo hata moyo huiagiza.

Mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake, huko Kingston nchini Canada, waliwadunga panya kimiminika kilichotengenezwa kutokana na vyumba vya juu vya moyo wa panya wengine. Punde mkojo na chumvi vikatoka kwa wingi, presha ikashuka. Kilichofanya hayo ni homoni ya moyo iitwayo ANP. Vyumba hivyo vikitanuliwa na wingi wa damu, huimwaga.

Bila kipokezi, yaani sehemu ya seli inayoinasa, homoni hupita tu. Kipokezi kikuu, NPR-A, kipo kwenye seli za figo, kuta za mishipa na tezi zilizo juu ya figo. ANP ikikinasa, seli hutengeneza saikliki GMP, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya seli: mishipa hulegea, figo huachia chumvi, na renini na aldosteroni, vitu vinavyopandisha presha, hupungua. Panya waliozalishwa bila kipokezi hiki walipata presha ya juu na mioyo mikubwa kupita kiasi. Kipokezi kingine, NPR-C, huiondoa homoni kwenye damu, nacho kipo pia kwenye mafuta ya mwili. Mafuta yakizidi, homoni inaweza kupungua; wenye unene walizingatie hilo kabla ya kudai presha yao imetokana na kurogwa.

Sasa ipo dawa yenye sacubitril na valsartan, inayozuia kimeng'enya kinachovunja homoni hizi. Hutolewa kwa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, kwa cheti cha daktari. Haiazimwi kwa jirani. Aliyekuwa akimeza dawa za presha na moyo kama enalapril, captopril au lisinopril huziacha kwanza kwa maelekezo ya daktari, huhesabu saa 36 tangu dozi ya mwisho, ndipo huanza hii mpya. Akirudishwa kwenye dawa ya awali, saa 36 tena. "Nimeruka dozi moja" si saa 36. Anayechanganya anaweza kuvimba uso, ulimi na koo hadi ashindwe kupumua. Njoo na pakiti zote unazotumia, na midomo ikianza kuvimba usingoje siku ya kliniki: nenda idara ya dharura saa hiyohiyo.