Kwa Nini Kiungo Kinagoma Ndani ya Instagram na Kinafunguka Nje

Malalamiko ninayoyapokea mara nyingi kutoka kwa watu ninaowatengenezea tovuti huja yakiwa na pande mbili zinazopingana. Mteja anasema amebonyeza kiungo kilichowekwa Instagram na kimegoma; mwenye tovuti anakibonyeza kwenye kompyuta yake ya ofisini na kinafunguka vizuri kabisa. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu hawatumii kivinjari kimoja, ingawa mteja hana habari kwamba kuna kivinjari chochote anachotumia.

Ukibonyeza kiungo ndani ya Facebook, Instagram au TikTok, kwa kawaida hupelekwi kwenye Chrome wala Safari. Programu yenyewe huufungua ukurasa ule kwa kivinjari kidogo kilichojengewa humo humo, ili usitoke nje ukapotelea huko. Kwenye simu za Android kivinjari hicho hutegemea kijenzi kiitwacho WebView, na kwenye iPhone hutegemea WKWebView. WhatsApp haifanyi hivyo: hukikabidhi kiungo kwa kivinjari cha simu, ndiyo maana kiungo kilichogoma Instagram hufunguka mara moja rafiki akikutumia kwa WhatsApp, na watu wakaamini kwamba Instagram imeifungia tovuti hiyo. Zipo nyakati ambapo mtandao wa kijamii huzuia anwani fulani kweli, lakini hapo kwa kawaida utaletewa onyo lenye maneno. Ukurasa mweupe usiosema lolote una sababu nyingine.

Kivinjari cha ndani kina upungufu wake, na ukiujua, nusu ya mafumbo hufumbuka. Hakishiriki vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari ili ikutambue) na Chrome yako, kwa hiyo tovuti ambayo ulikwisha kuingia na inakujua kwa jina itakuomba nywila upya ukifika kwa njia ya Instagram. Hakipakui faili, hakifungui dirisha jipya wala, kwenye Android, hakikuruhusu kupandisha picha, mpaka mtengenezaji wa programu awe ameyaandikia mambo hayo moja baada ya jingine. Kwa kuwa kila mtengenezaji aliamua lake, kitufe kilekile hufanya kazi Facebook na kikafa TikTok.

Jaribio la kwanza, kabla hujagusa mpangilio wowote, ni kukitoa kiungo nje. Gusa nukta tatu zilizo pembeni mwa ukurasa uliogoma, kisha uchague kuufungua katika kivinjari cha nje. Chaguo hilo lisipokuwapo, nakili kiungo na ukibandike kwenye Chrome au Safari. Kikifunguka huko, basi tovuti ni nzima na intaneti yako ni nzima, na tatizo limebaki kwenye kivinjari cha ndani. Kisipofunguka, achana na Instagram. Shida iko kwenye bando, kwenye simu, au kwenye tovuti yenyewe. Ninaushikilia mpangilio huu kwa sababu ushauri unaozagaa kila mahali ni kufuta programu na kuisakinisha upya, au kufuta data zake zote. Anayeufuata ushauri huo kwenye WhatsApp bila kuwa na nakala rudufu hupoteza mazungumzo yake yote, tena kwa kosa ambalo halikuwa la WhatsApp.

Nianze na bando, kwa kuwa huku kwetu ndilo linalowapoteza wengi. Vifurushi vya mitandao ya kijamii vinavyouzwa Tanzania, Kenya na Uganda hulipia mitandao iliyotajwa kwenye kifurushi na si zaidi. Picha zitapakia, video zitacheza, maoni yataonekana. Lakini kiungo cha gazeti au cha chuo kinaelekeza kwenye seva iliyo nje ya orodha hiyo, kwa hiyo simu huanza kukata salio la kawaida, na kama salio hakuna, ukurasa huzunguka mpaka unakata tamaa. Kinachowachanganya watu zaidi ni ile picha na kichwa cha habari vinavyoonekana chini ya kiungo. Mtu hujiambia kwamba ikiwa picha imekuja, basi tovuti inafikika. Picha hiyo haikutoka kwenye tovuti kuja kwenye simu yako. Facebook iliichukua mapema na kuihifadhi kwenye seva zake, na kwa upande wa WhatsApp ilitengenezwa na simu ya aliyekutumia, ikasafiri pamoja na ujumbe. Unaweza kuiona picha ya tovuti iliyokwisha kufa tangu mwaka jana. Kupima ni rahisi: fungua kwenye kivinjari tovuti yoyote isiyo ya mtandao wa kijamii, au jiunge na Wi-Fi ya jirani kwa dakika moja.

Kama bando lina afya, tazama saa na tarehe ya simu. Kila tovuti inayoanza na https hubeba cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na simu iliyozimika betri ikarudi na tarehe ya miaka iliyopita huviona vyeti vyote kuwa bado havijaanza. Chrome itakuandikia wazi kwamba saa yako haiko sawa. Kivinjari cha ndani mara nyingi hakisemi neno, kwa kuwa WebView, ikikutana na cheti chenye kasoro, hukatiza mawasiliano bila maelezo isipokuwa mtengenezaji ameagiza vinginevyo. Kosa ni lile lile, lakini upande mmoja unapewa sababu na upande mwingine unaachiwa weupe. Rudisha tarehe kwenye mpangilio wa kujirekebisha kwa kufuata mtandao, kisha ujaribu tena.

Simu za zamani zina shida nyingine ya vyeti ambayo haiponi kwa kurekebisha saa. Tovuti nyingi sana, zikiwamo karibu zote ninazozihudumia, hutumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, na simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazina cheti-mzizi cha taasisi hiyo, yaani kile cha msingi ambacho vyeti vyake vingine huthibitishwa kwacho, katika orodha yao. Kwa miaka kadhaa ziliendelea kuzifungua tovuti hizo kwa mpango wa muda uliofikia kikomo tarehe 30 Septemba 2024. Mwenye simu ya namna hiyo ataona baadhi ya tovuti zinafunguka na nyingine zinagoma, bila mpangilio anaoweza kuueleza. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti badala ya kutegemea ile ya simu, kwa hiyo aliye nayo kwenye simu ya zamani akibandike kiungo humo.

Sasa tugeukie viungo vinavyofunguka nje na kugoma ndani. Kwenye Android, cha kwanza kutazama ni masasisho. Tangu Android 5 ya mwaka 2014, WebView husasishwa kupitia Play Store kwa jina la Android System WebView. Katika Android 7, 8 na 9 kazi hiyo hufanywa na Chrome, na kuanzia Android 10 ikarudishwa kwenye WebView. Sasisha zote mbili, usihangaike kukumbuka ni ipi. Watu wengi hawakujua kwamba kijenzi hiki kipo mpaka Machi 2021, ambapo sasisho moja bovu lilifanya programu nyingi za Android, Gmail ikiwamo, zijifunge zenyewe kila zikifunguliwa, na Google ikalazimika kutoa toleo jipya la Chrome na WebView kuliondoa tatizo hilo. Facebook kwa Android inasimama peke yake kidogo, kwani mwaka 2022 Meta, kampuni inayoimiliki, ilitangaza kuwa imeiwekea injini yake yenyewe ya kufungulia kurasa, inayosasishwa pamoja na programu ya Facebook. Kwa hiyo ukisasisha WebView na Facebook ikaendelea kugoma, sasisha Facebook.

Baada ya masasisho, futa akiba (cache) ya programu husika kwenye mipangilio ya simu. Ninasema akiba, si data. Ni vitufe viwili vinavyokaa jirani, na cha pili hukutoa kwenye akaunti yako.

Faili za PDF ni habari nyingine. Matangazo ya kazi, fomu za kujiunga na shule na matokeo ya mitihani husambazwa sana kwa viungo vinavyoelekeza moja kwa moja kwenye PDF, na WebView ya Android haina uwezo wa kuionyesha. Programu isipoandikiwa namna ya kuipakua, unabaki na ukurasa mweupe, au ukurasa unaomulika mara moja na kutoweka. Hapa hakuna mpangilio wa kurekebisha. Toa kiungo nje. Kwenye iPhone tatizo hili halipo, jambo linalozusha ubishi usio na mwisho katika makundi ya wazazi.

Kisa kinachonifundishia kazi wasaidizi wangu ni cha dada mmoja anayeuza vitenge kwa njia ya Instagram. Alitengeneza fomu ya oda kwa Google Forms, akaiweka kwenye wasifu wake, na ndani yake akaongeza swali la kupandisha picha ya risiti ya malipo. Oda zikakauka. Aliponipigia alisema, "Kaka, wateja wananiambia linki imekufa, mbona kwangu inafunguka?" Nilimwomba mteja mmoja picha ya skrini, na humo kulikuwa na namba 403 pamoja na maneno disallowed_useragent. Maneno hayo yanamaliza uchunguzi. Fomu yenye swali la kupandisha faili humlazimu kila anayejaza aingie kwanza kwa akaunti ya Google, na Google, kwa sera iliyoitangaza mwaka 2016 na kuanza kuitekeleza baadaye, haikubali mtu aingie kwenye akaunti yake kupitia kivinjari kilichopachikwa ndani ya programu nyingine. Sababu yake ni ya msingi: programu inayomiliki kivinjari hicho ina uwezo wa kuona kila unachokiandika, nywila ikiwamo. Agosti 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba Instagram na Facebook kwenye iPhone zilikuwa zikiingiza msimbo wao katika kurasa za watu wengine zinazofunguliwa ndani yake. Kuwa na uwezo wa kuona si sawa na kuiba, lakini mimi siandiki nywila ya benki humo na simshauri mtu yeyote afanye hivyo.

Dada yule hakuhitaji tovuti mpya. Tuliondoa swali la picha, tukaweka nafasi ya kuandika namba ya muamala, na fomu ikaacha kudai kuingia kwa akaunti.

Kasoro nyingine inayowahusu wafanyabiashara ni kile kitufe cha "Wasiliana nasi WhatsApp". Tovuti nyingi hukiandika kwa anwani inayoanza na whatsapp badala ya https, na kivinjari cha ndani, kisipoitambua anwani ya namna hiyo, hutoa kosa la ERR_UNKNOWN_URL_SCHEME. Tumia anwani ya https://wa.me/ ikifuatwa na namba kamili ya kimataifa, yaani 255 kwa Tanzania au 254 kwa Kenya, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Nimekutana na mabango ya biashara yaliyochapishwa kwa gharama kubwa yakiwa na wa.me/07, ambayo haiwezi kumfikisha mteja popote.

Nitaje kwa kifupi na ule mkia ambao Facebook huuongeza mwishoni mwa viungo tangu 2018, unaoanza na fbclid na kufuatiwa na herufi nyingi. Tovuti nyingi huupuuza, lakini zipo zilizoandikwa kwa ukali kiasi kwamba hukataa ombi lolote lenye kitu zisichokitambua. Ukinakili kiungo, futa kuanzia kwenye alama ya ? au & iliyo mara tu kabla ya neno hilo. Hali kadhalika tazama mwisho wa kiungo ulichotumiwa: nukta au neno "Karibuni" likigandana na anwani bila nafasi huweza kuhesabiwa kuwa sehemu yake. Na kama kiungo kilichokuja WhatsApp kutoka namba usiyoijua hakibonyezeki kabisa, hiyo ni tahadhari iliyowekwa makusudi. Hakikisha kwanza unamfahamu aliyekutumia kabla ya kumjibu au kuihifadhi namba yake.

Ukiyapitia yote haya na bado kiungo kikagoma, unapomwandikia fundi mtumie kiungo chenyewe kikiwa maandishi, kwani kutoka kwenye picha siwezi kukinakili; jina la programu uliyokuwa ndani yake; toleo la Android au iOS; aina ya bando ulilokuwa nalo saa ile; na picha ya skrini inayoonyesha maneno ya kosa mpaka herufi ya mwisho, kama yapo. Ukiwa na picha mbili, moja ya ndani ya programu na nyingine ya kiungo hicho hicho kwenye Chrome, mara nyingi nitakujibu bila kukuuliza swali la ziada. Nywila usinitumie.