Kambi ya gari za kulala Pemba: geti na kibao havitoshi

Kwenye baraza moja ya Konde, kaskazini mwa Pemba, nilisikia biashara nzima ya kulaza wageni wenye gari za kulala ikielezwa kwa pumzi moja: "Mgeni anakuja na nyumba yake. Wewe mpe pahala pa kuegesha, chukua pesa, basi." Aliyesema alikuwa ameona gari mbili zenye hema juu ya paa zikikata msitu wa Ngezi kuelekea ufuo wa Vumawimbi, na tayari alishalipangia shamba la mjomba wake. Mimi nina kipande cha urithi upande huo huo. Hesabu ile nimeipiga mara nyingi kuliko yeye, na haitoki.

Kweli mgeni anakuja na kitanda, jiko na friji. Lakini pia anakuja na tangi la maji safi linalokaribia kwisha na jengine la maji machafu linalokaribia kujaa, na yote mawili anatarajia kuyamalizia kwako. Gari kubwa za Marekani zina tangi la choo la lita 100 na ushei. Nyingi za Ulaya zina kisanduku cha lita 20 hivi, kinachochomolewa kama mtoto wa meza na kubebwa mkononi. Wenye Land Cruiser na hema, ambao ndio wengi wa wanaofika huku, aghlabu hawana choo kabisa. Choo chao ni chako, na ukiwa huna, basi ni kichaka cha jirani yako. Kwa hiyo kodi yake khasa anailipia choo, bomba na pahala pa kumwaga. Kivuli angekipata popote.

Hapo ndipo inapokuja dhana ninayoiogopa kuliko zote: "Ardhi yetu hii shimo lolote linakunywa." Ni kweli linakunywa, na hiyo ndiyo balaa. Magharibi ya Pemba, kwenye vilima vya mikarafuu, udongo ni mzito na maji hupita taratibu. Ukienda Micheweni na Kiuyu, au ukivuka Unguja ukafika Makunduchi na Matemwe, unachimba maweni: mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango. Fundi akikwambia shimo lake lina miaka kumi halijajaa, usimpongeze. Muulize kisima cha karibu kiko wapi. Vitabu vya usafi wa mazingira vinasema choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na chini ya shimo kubaki mita moja na nusu kabla ya kuyafikia maji. Vipimo hivyo vinategemea udongo unaochuja. Ufa wa jiwe hauchuji kitu, na uchafu unaweza kutembea mbali zaidi ya mita hizo ukiwa vile vile ulivyoingia.

Ninachoshauri ni karo, yaani tangi la maji machafu la chini ya ardhi, la vyumba viwili, lililosakafiwa na kupigwa plasta chini na pembeni, kisha maji yanayotoka yapite kwenye tuta la mchanga lililonyanyuliwa juu ya jiwe na kupandwa migomba. Pembeni liwepo shimo la kumwagia lenye mfuniko na mpira wa kusuuzia. Shimo hilo lisiungwe na karo moja kwa moja. Dawa za vyoo vya gari, khasa zenye fomalini, huua vijidudu vinavyoozesha uchafu, na karo likifa mtaa mzima utajua kwa pua. Liwe tangi la peke yake, likijaa linyonywe.

Maji ya kunywa nayo yana kisa chake. Chini ya visiwa hivi maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda, na inapanda haraka kuliko ulivyoshusha. Nahesabu lita 60 kwa mtu kwa siku. Nafasi sita za watu wawili wawili ni lita 720. Hiyo si kazi ya pampu kubwa. Na bati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha, linakupa hadi lita 800 kabla ya hasara. Pemba kwa mvua ya masika hatulalamiki. Weka tangi.

"Eka tatu ni zangu, nafanya nitakalo." Haya. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa ya umma, na sheria ya ardhi ya 1992 ikaendelea hivyo hivyo: mtu ana haki ya kutumia. Eka tatu, yaani vipande walivyogawiwa wakulima na serikali, zilitolewa zilimwe, si ziegeshewe. Kugeuza matumizi kunaanzia kwa sheha na kupanda hadi Kamisheni ya Ardhi, huku mazingira yakiwa na mamlaka yake na kulaza wageni kukiwa na Kamisheni ya Utalii. Na bado hujafika kwenye miti. Huku kwetu shamba linaweza kuwa lako na minazi ikawa ya shangazi, mikarafuu ya binamu walioko Wete. Mkarafuu haukatwi bila kibali, hata ukikuzibia njia ya gari. Ukianza kuchora kambi bila ya kuhesabu nani mwenye mti upi, utamaliza kuchora mahakamani.

Kuhusu minazi yenyewe nitasema kidogo tu: usiegeshe mtu chini yake. Nazi haina breki, na wanaolala wamo kwenye turubai. Mwembe nao una kivuli kizuri, ila msimu wa maembe popo hawakupi usingizi, na utomvu unaharibu rangi ya gari.

Kuna wanaofungua intaneti, wakasoma miongozo ya Marekani, na wakarudi na michoro ya viwanja vya mpira. Kule gari moja inaweza kufika mita 12. Ya huku ni ya mita tano hivi, na kwa kawaida hushuka melini Mkoani, kusini kabisa, kisha hupanda kisiwa chote mpaka kaskazini, kwa barabara ambazo msimu wa karafuu pembeni yake kumeanikwa majamvi. Nafasi ya mita nane kwa kumi inatosha. Pesa zilizobaki mwaga kifusi na kokoto kwenye njia na pahala pa magurudumu, maana udongo wa kinamo wakati wa masika unaimeza Land Cruiser mpaka ekseli, na atakayeivuta ni wewe.

Umeme ni vile vile. Miongozo ya Marekani huzungumzia nafasi zenye ampea 50. Kwa volti zao 240 hiyo ni kilowati 12, mara sita ni 72. Kwa laini ya kawaida ya kijijini hiyo ni ndoto. Wageni wetu wengi wana sola juu ya paa na betri ya volti 12. Wanataka kuchaji simu na kusaidia friji. Ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300, ni nyingi. Muhimu zaidi ni swichi inayokata umeme ukivuja, na maboksi yasiyoliwa na chumvi. Jenereta sina haja nayo. Waliokuwa Unguja mwishoni mwa 2009, umeme ulipokatika mpaka Machi 2010, wanajua usiku wa jenereta unavyokuwa.

Anayetaka gari ziguse bahari namwambia aende mwezi mpevu au mwandamo, wakati wa bamvu, maji yanapojaa kupita kiasi, aangalie maji yanapoishia. Kati ya kujaa na kupwa huku kuna tofauti ya takriban mita nne. Mchanga mweupe unaouona wakati wa maji mafu, yasipojaa sana, si ardhi yako, ni njia ya bahari.

Limebaki la watu. Husikika: "Wageni wako kwenye gari zao, hawamsumbui mtu." Wanashuka, bwana. Wanaoga, wanaanika nguo, wanatembea, na adhana ya alfajiri inawaamsha kabla hawajaambiwa kama ipo. Mavazi, pombe na Ramadhani viandikwe kwenye karatasi wanayopewa getini, kwa adabu, bila vitisho. Na kwenye shamba langu imo njia ya wavuvi na akina mama wa mwani kwenda pwani, ya zamani kuliko babu yangu. Katika mchoro nimeianza hiyo kabla ya choo, upana mita mbili, bila geti.