Jini Halijui Namba Yako ya Siri

Kuna swali nimelijibu barazani, nimelijibu kwenye simu, nimelijibu nikitoka msikitini Ijumaa na viatu bado mkononi. Juzi limerudi tena, kwa ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba: "Maalim, Ayatul Kursi nasoma asubuhi na jioni. Qul tatu nasoma, napulizia viganjani, najipangusa mwili mzima. Mbona bado natamani yale yale? Hapa si bure. Nimetumiwa kitu."

Hujatumiwa kitu, ndugu yangu. Una tamaa. Mimi ninayo, imamu wako anayo, na yule mzee wa safu ya kwanza anayekohoa kila rakaa anayo pia.

Nafundisha madrasa hapa Tanga na ninasomea watu. Aya na dua, basi; hirizi sifungi, zinguo sifanyi, na anayetaka kombe la zafarani anajua pa kwenda. Majini siyakanushi, kwa kuwa Qur'ani imeyataja na sura nzima imebeba jina lao. Ninachokataa ni hili la kuifanya dua ya kinga, kama hiyo Ayatul Kursi na zile Qul tatu, kuwa ukuta: ukishasoma, kishawishi hakipiti, na kikipita ama umekosea kusoma ama jirani kakuroga. Nimeona ndoa zikivunjika kwa dhana hiyo. Nimeona mama mkwe akisusiwa miaka kwa sababu kijana hawezi kuacha kubeti.

Dalili wanayoniletea ni ile hadithi ya Abu Huraira, na ni hadithi sahihi, imo katika Bukhari. Aliwekwa kulinda chakula cha zaka ya Ramadhani. Akaja mtu usiku akaanza kuchota. Akamkamata, akamwachia, akamkamata tena, akamwachia, mara ya tatu yule mwizi akajikomboa kwa kumfundisha: ukipanda kitandani soma Ayatul Kursi, utakuwa na mlinzi kutoka kwa Mwenyezi Mungu na shetani hatakukaribia mpaka asubuhi. Mtume (s.a.w.) akamwambia Abu Huraira kwamba hapo amesema kweli, ingawa ni mwongo sana. Sawa kabisa. Sasa isome tena bila haraka. Asiyekaribia ni shetani. Hakuna palipoandikwa kwamba na nafsi yako italala nje.

Ukibisha, nakupeleka Ramadhani. Bukhari na Muslim wote wamepokea kwamba mwezi ule mashetani hufungwa minyororo. Wamefungwa, tumekubaliana. Haya, nani anayeweka mkeka wa kubeti saa tano asubuhi akiwa amefunga? Nani anayesengenya watu foleni ya tambi na tende? Wanavyuoni wameeleza kufungwa huko kwa njia kadhaa, wengine wakasema ni wale vigogo tu wanaofungwa, na sina ugomvi nao. Mimi naangalia watu mtaani, na naona wazi kuwa kazi inaendelea hata msimamizi akiwa likizo.

Na Iblis mwenyewe ameshatoa ushahidi. Katika Sura Ibrahim, aya ya 22, siku hukumu ikishakatwa, atasimama kuwaambia waliomfuata: sikuwa na mamlaka yoyote juu yenu, nilikuiteni tu nanyi mkaniitikia, basi msinilaumu mimi, jilaumuni wenyewe. Aya hii nikimsomea mtu aliyekuja kuaguliwa huwa haipendi. Alitaka nimtajie jina la jini na kabila lake, mimi namsomea jini likijivua kesi.

Nitoe mfano, bila kumtaja mtu. Kijana alikuja kusomewa "jini la kamari". Mpole, ana adabu, nyiradi zote, yaani dua za kila siku, kazihifadhi kuliko wanafunzi wangu. Tukakaa chini, akaweka simu kati yetu juu ya jamvi, kioo kikatazama juu. Nikaanza Fatiha, nikaingia Ayatul Kursi. Sijafika "wala yauduhu" simu ikatetemeka, ikawaka: kampuni fulani inampa dau la bure, mechi ya saa nne usiku, bonyeza hapa. Kidole chake kikaenda chenyewe. Alikuwa amefumba jicho moja. Nikanyamaza, nikamwuliza ni ujumbe wa ngapi leo. Hakuwa akijua. Nikamwuliza namba ya siri ya pesa za simu anaijua nani. Akasema yeye peke yake. Nikamwambia basi jini wako ana kazi ngumu, maana hata akitaka kubeti hawezi kulipa.

Alikasirika kidogo. Wengi hukasirika, kwa sababu aliyekuja na jini ni mgonjwa, na mgonjwa huonewa huruma. Akiondoka na tamaa anaonekana mkosaji. Lakini tamaa si kosa, na hapa ndipo nataka kukaa, mnisamehe.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameipanga safari ya jambo moyoni katika kitabu chake, Ihya. Kwanza wazo linapita tu. Kisha moyo unalielekea. Kisha akili inaamua kwamba hili lifanywe. Kisha mtu anaazimia. Mawili ya kwanza, anasema, hutashikwa nayo, kwa sababu hayamo mikononi mwako. La tatu linategemea kama umelikubali kwa hiari. La nne utaulizwa. Na kabla ya Ghazali kuna hadithi waliyokubaliana Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yanayozungumzwa na nafsi zao maadamu hawajayatenda wala kuyasema. Tena katika Muslim masahaba wenyewe walikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kulalamika: tunapata ndani ya nafsi zetu mambo ambayo kila mmoja wetu anaona ni makubwa mno kuyatamka. Wakaulizwa, mmeyapata kweli? Wakajibu ndiyo. Wakaambiwa: hiyo ndiyo imani safi. Ule udhia wenyewe, kule kuchukizwa.

Sasa tazama watu wanavyofanya. Wazo likipita, mtu analia, anakonda, anasema kinga imekatika, anatafuta nani amwague. Hapo ndipo ambapo hana kosa! Lakini kumfuata yule binti kwa ukurasa wake, kumjibu salamu, kumtumia "umeamkaje mrembo", kupitia njia ya kwao ambayo ni ndefu kuliko ya sokoni, hayo yote anayaona ya kawaida, hayamwondolei hata usingizi wa adhuhuri. Anajihukumu kwa asichokiweza na anajiachia kwa anachokiweza. Mizani imekaa kichwa chini. Na mtu wa namna hii ukimwongezea nyiradi tu, utampa cha kujifichia.

Ghazali huyo huyo ana mfano ambao ningeweza kuuandika mlangoni kwangu. Shetani, anasema, ni kama mbwa mwenye njaa. Akikujia nawe huna nyama wala mkate, ukimwambia "toka" ataondoka. Ukiwa na nyama mbele yako, sauti peke yake haimfukuzi. Auzubillahi ndiyo hiyo "toka". Inafanya kazi, tena sana, kwa aliyeondoa nyama. Kijana wangu alikuwa anamfukuza mbwa kwa kisomo kizuri cha tajwidi, na nyama ameiweka jamvini, inawaka taa.

Kuna watakaoniambia nimepunguza tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, kwamba nawafundisha watu kutegemea kufuta programu za simu badala ya Mola. Mara nyingi anayesema hivyo ndiye hataki kufuta. Sitatumia ile hadithi ya kumfunga ngamia kwanza ndipo umtegemee Mungu, ingawa wengi mngeitarajia. Tirmidhi aliyeipokea ametaja pia kwamba mhakiki wa hadithi Yahya al-Qattan aliiona munkar, yaani isiyokubalika, na wanavyuoni waliokuja baadaye hawakukubaliana juu yake. Siihitaji. Ninaye Yusuf.

Someni Sura Yusuf kuanzia aya ya 23, lakini mfuate miguu yake. Milango imefungwa, ameitwa na mke wa bwana wake. Neno la kwanza: maadhallah, najilinda kwa Mwenyezi Mungu. Hiyo ni isti'adha, tena ya Mtume, mtoto wa Mtume, mjukuu wa Mtume. Je, alibaki amesimama palepale akisubiri imfunike? Aya ya 25: wakakimbilia mlangoni. Kanzu imechanwa kwa nyuma, maana yake alikuwa ametangulia na mbio zake zilikuwa za kweli. Mlango umefungwa na anajua umefungwa, na bado anaukimbilia. Mdomo umeomba, miguu ikafuata ombi.

Katikati ya hizo mbili kuna aya ya 24, ambayo wahubiri wengi huipita mbio kama gari la abiria linavyopita kituo cha polisi. Je, moyo wa Yusuf ulielekea? Wafasiri wa mwanzo, kwa riwaya alizozikusanya Tabari, wapo waliosema ulielekea kisha akazuiliwa. Wengine, kama Abu Hayyan, wakasema haukuelekea kabisa, kwa kuwa burhani, ishara ya Mola wake, aliiona. Mimi nafundisha kauli ya pili, kwa heshima ya Mitume. Nikiri, lakini: nikikaa usiku na mtu aliyechoka kupigana na nafsi yake, ile kauli ya kwanza hunijia ulimini, na mara nyingine sina hakika ninyamaze au niseme.

Na dua yake? Ipo aya ya 33. Anasema jela naipenda kuliko wanaloniitia, na usiponiondolea vitimbi vyao nitaelekea kwao. Huyu ni Mtume anasema nitaelekea. Hasemi "mimi nina kinga". Aya ya 34 inasema Mola wake akamwitikia. Akamwitikia kwa nini? Kwa jela. Miaka kadhaa ndani. Hii ndiyo sehemu ambayo wateja wangu hawaitaki: wanaomba kinga itakayowaacha ukumbini, muziki ukiendelea, wao wakiwa salama. Yusuf alikingwa kwa kuondolewa ukumbini, na bei yake aliilipa yeye.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Mungu atamlindaje, siku hizi namwuliza yuko tayari kupoteza nini. Kazi ya baa? Kundi la mtandaoni la marafiki wa shule? Yule kijana wa mikeka alipoteza simu yake ya kisasa kwa muda. Mama yake akashika namba ya siri, naye akabaki na kitochi. Aliniambia aibu ya kumwomba mama yake elfu tano ya vocha ilimlinda kuliko mimi. Nikasema alhamdulillahi, na aibu ni katika imani, hadithi ipo.

Dua yenyewe nisiikimbie, maana wengine mtaondoka mkidhani nimewaambia msiombe. Ombeni. Ummu Salama alisema dua aliyoizidisha Mtume (s.a.w.) ilikuwa "ewe mwenye kuzigeuza nyoyo, uthibitishe moyo wangu juu ya dini yako". Kama yeye aliizidisha, wewe na mimi tunaomba nini kingine? Iombe kwa Kiswahili, kwa Kidigo, kwa lugha utakayo nje ya sala. Taja jambo lenyewe kwa jina lake. Watu wanaomba "uniepushe na shari zote" kwa sababu kusema "uniepushe na mke wa Fulani" kunachoma. Acha kuchome.

Na kuna yule kijana aliyemwendea Mtume kuomba ruhusa ya zina, hadithi ya Abu Umama katika Musnad ya Ahmad. Watu walimkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamwuliza: ungependa hivyo kwa mama yako? Kwa binti yako? Kwa dada yako? Kila swali akajibiwa hapana. Mwisho akamwekea mkono, akamwombea asamehewe, moyo wake utakaswe, tupu yake ihifadhiwe. Nasisitiza mpangilio: mazungumzo kwanza, mkono baadaye. Siku hizi mkono unawekwa kabla mtu hajasalimiwa.

Kuna mahali elimu yangu inaishia. Nimemwona mtu ameomba usiku mmoja, akaamka ile tamaa imenyofolewa, haijarudi. Nimemwona mwingine, mcha Mungu kumshinda huyo, anapigana na ile ile tangu ujanani na sasa ana mvi. Kitabu kitakwambia huyu anapandishwa daraja. Huenda. Mimi nikikaa naye sithubutu kumwambia hivyo, kwa sababu si mimi ninayekesha. Vilevile, ile mistari minne ya Ghazali iko safi kwenye karatasi. Ndani ya kifua cha mtu, wazo na azma hushikana mikono, na mara nyingi nakisia tu.

Na kuna ambao si wangu kabisa. Anayetawadha mpaka ngozi inachubuka, anayerudia takbira mpaka jamaa inamaliza sala, anayesumbuliwa na mawazo ya kufuru mchana kutwa asiweze kula. Huyo naweza kumsomea, na nitamsomea, lakini nitamwambia aende hospitali akaonane na daktari wa afya ya akili, na nitampeleka mwenyewe kama hana wa kumpeleka. Wasomaji wenzangu wa dua wanaowafunga watu hao kamba na kuwapiga fimbo "kumtoa jini", tutaonana kwa Mola, na kabla ya hapo ikiwezekana tuonane polisi.

La mwisho, hili la kuhesabu siku. Mtu ameteleza, anakuja: "Maalim, nilikuwa siku ya thelathini na moja, sasa nianze tena arobaini?" Arobaini za nani? Katika Bukhari na Muslim kuna mja aliyetenda dhambi akasema Mola wangu nisamehe, akasamehewa. Akarudia, akaomba, akasamehewa. Akarudia tena, na tena akasamehewa. Hapana mahali alipoambiwa aanze kuhesabu upya. Mkeka ukichanika saa kumi, mtu atubu, na Magharibi asome nyiradi zake zile zile kama jana, simu akiwa amempa mama yake.