Difenda kuzunguka usiku kucha hakumalizi wezi

Msimu wa korosho ukifika na pesa kuanza kuonekana, vijiwe vya Mtwara Mjini hadi Mikindani husema lilelile: difenda za polisi zikizunguka mitaa yote usiku kucha, wizi utakwisha. Ni dhana ya zamani, na inaeleweka. King'ora hutuliza moyo.

Lakini ilishapimwa. Kuanzia Oktoba 1972, kwa mwaka mzima, polisi wa Kansas City, Marekani, waligawa maeneo 15 mafungu matatu. Kwingine doria iliondolewa, polisi wakaingia walipoitwa tu. Kwingine ikaongezwa mara mbili hadi tatu. Kwingine ikabaki vilevile. Wizi haukutofautiana kwa maana yoyote, wala hofu ya wananchi. Wengi hawakugundua hata kwamba doria imebadilika!

Si kwamba doria haina kazi. Katika jiji la Minneapolis, nalo la Marekani, ilionekana asilimia 3 tu ya anwani zilitoa nusu ya simu zote za polisi, na doria iliyoelekezwa kwenye sehemu hizo sugu ilipunguza matukio. Kwetu, anayejua uchochoro gani ni sugu ni mama ntilie, bodaboda na mjumbe wa shina, ndiyo maana polisi kata huanzia kwao.